Nyumba ya Nguvu na Sauti ya Murshidi

Siku ya kwanza ya mazoezi haijapata kumshinda mtu. Nia ni mbichi, viatu ni vipya, na majirani wameshaambiwa. Kazi ipo siku ya arubaini, alfajiri ya manyunyu, pale mtu anapolala chali akisikiliza mvua juu ya bati na kujiuliza: ni nani atakayejua kama leo hakwenda? Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanachama zaidi ya 7,700 wa kumbi tatu za mazoezi nchini Marekani, waliofuatiliwa kwa muda wa miaka mitatu. Waliochagua kulipa ada ya mwezi, iliyozidi dola 70, walihudhuria kwa wastani pungufu ya mara tano kwa mwezi. Ukigawa, kila safari moja iliwagharimu zaidi ya dola 17, ilhali wangeweza kununua tiketi za kuingilia kwa dola 10 tu kila mara. Walikuwa wakinunua nia, na nia haiwekeki akiba.

Watu wale hawakuwa wajinga, wala hawakupungukiwa na nasaha za waganga. Tangu mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walipoonyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini, faida ya kuutumikisha mwili haikuhitaji tena wakili. Lakini kujua ni jambo moja na kudumu ni jambo jingine. Kiswahili kinalijua hilo, kwani kimelizaa neno zoezi kutokana na zoea: zoezi ni kile kinachomfanya mtu azoee, na kisichozoeleka bado hakijastahili jina hilo. Kiajemi nacho kina neno varzesh, lenye maana ya mazoezi ya viungo, na shina lake ndilo lililomo katika keshavarz, yaani mkulima. Mkulima haulizwi kila asubuhi kama leo ana hamu ya shamba.

Ni katika lugha hiyo ya pili ndimo ilimozaliwa nyumba inayosimuliwa hapa. Huitwa zurkhaneh. Zur ni nguvu na khaneh ni nyumba, na sehemu hiyo ya pili Mswahili huitamka kila siku pasipo kufikiri katika neno karakana, ambalo asili yake ni nyumba ya kazi. Kwa desturi mlango wa zurkhaneh ni mfupi, ili kila aingiaye, awe tajiri au hamali, ainamishe kichwa. Ndani, katikati ya ukumbi, kuna shimo, aghalabu la pembe nane, lenye kina cha kama mita moja. Humo shimoni ndimo wanamofanyia mazoezi, na watazamaji hukaa juu, pembezoni. Ashukaye huigusa sakafu kwa vidole, kisha huvipeleka vidole mdomoni au kwenye paji la uso, kama anayeamkia mkubwa.

Vyombo vya humo vinafanana na silaha zilizostaafu. Kuna mil, marungu mazito ya mbao yanayozungushwa mawili mawili juu ya mabega. Kuna sang, mbao mbili pana kama ngao, ambazo mtu hulala chali akazisukuma juu, ubavu huu na ubavu huu. Kuna kabbadeh, upinde wa chuma wenye mnyororo na visahani vya chuma mahali pa uzi, unaotikiswa juu ya kichwa kulia na kushoto hadi mlio wake ukajaa nyumba nzima. Kuna ubao mfupi wenye miguu, ambao hushikwa wakati wa kupiga pushapu. Na kuna lisilohitaji chombo: kuzunguka kama pia katikati ya shimo, mikono imetandazwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kasi ambayo mgeni huogopa kuitazama.

Hata hivyo, mtu muhimu kuliko wote nyumbani humo hanyanyui kitu chochote kizito. Hukaa juu ya jukwaa karibu na mlango, mbele yake ipo ngoma ya udongo yenye umbo la dumbaki, ila ni kubwa kuliko dumbaki yoyote ya taarabu, na juu ya kichwa chake inaning'inia kengele. Huitwa morshed. Watu wa tarika watalitambua neno hilo mara moja: ni murshidi, mwongozaji wa njia. Murshidi huyu hupiga ngoma na kughani mashairi, na waliomo shimoni huinua, husukuma, hukanyaga na kuzunguka kwa mwendo wa shairi lake. Akikaza, wanakaza. Akilegeza, wanapumua. Akinyamaza, hapana mazoezi.

Hapa inafaa mpenzi wa ushairi atue kidogo. Mashairi yanayoghaniwa humo si vijembe vya kutia watu ari, wala si hesabu ya moja, mbili, tatu. Ni Hafez na Saadi wa Shiraz, ni Rumi, na zaidi ya wote ni Ferdowsi wa Tus, ambaye Shahnameh yake, iliyokamilika mwaka 1010, ina beiti zipatazo 50,000. Kazi yote hiyo imetungwa kwa bahari moja, mutaqarib, ambayo wasomi wa arudhi huipima hivi: faulun, faulun, faulun, faal. Silabi fupi moja, ndefu mbili; fupi moja, ndefu mbili; tena vivyo hivyo; kisha fupi na ndefu, na mshororo umekwisha, silabi kumi na moja. Anayetaka kujua kwa nini bahari hiyo ilidumu shimoni kuliko nyingine na ajaribu kuisema huku akiinua gogo. Silabi fupi ndiyo inayoshika, ndefu mbili ndizo zinazobeba, na pale mwisho ambapo silabi moja imepunguzwa ndipo pafu linapojaa tena.

Mizani ya Kiswahili haifanyi kazi hiyo kwa njia ile ile. Kiswahili hakipimi silabi kwa urefu na ufupi. Huzihesabu, na mkazo hukaa mahali pake pa siku zote, silabi ya pili kutoka mwisho. Mfasiri atakayeitia beiti ya Ferdowsi katika utenzi wa mizani minane atapata kisa chote na heshima yake yote, lakini atakuwa amebadilisha pumzi ya mtu anayezungusha marungu. Huenda hilo si hasara kubwa mtu akiwa amekaa na kitabu. Shimoni ni jambo jingine, na hata ukitafsiri maneno yote kwa usahihi, mabega yatajua.

Ndiyo maana wengi walioiandika habari ya zurkhaneh kama habari ya misuli wamelikosa jambo lenyewe. Mtu wa shimoni hajiulizi kama ana hamu. Akishafika, uamuzi wa pigo la pili haumo mikononi mwake, umo katika kina kinachongojewa. Beiti ya Kiajemi ina mishororo miwili, na katika mathnawi, ambayo ndiyo aina ya Shahnameh, miwili hiyo hufungana vina. Mtu aliyesikia mshororo wa kwanza anadaiwa wa pili. Mikono iliyoinuliwa kwa kina cha kwanza haiwezi kushushwa mpaka kina cha pili kifike, na kikifika, kisa kimesogea, Rostam bado yupo katikati ya hatari, na beiti nyingine imeshaanza.

Je, nyumba hizi ni za lini? Wapo wanaozirudisha hadi kabla ya Uislamu, wakalifananisha shimo na mahekalu ya kale ya Mithra. Ni dhana tamu, nayo hupendwa na kila taifa linalotaka mizizi mirefu, lakini maandishi hayaitetei. Yaliyo wazi ni ya enzi za Wasafawi. Mfaransa Jean Chardin, mfanyabiashara wa vito aliyekaa Iran katika karne ya 17, aliitaja nyumba hii kwa jina lake na kulieleza kwa usahihi. Katika enzi hizo hizo Mir Najat wa Isfahan alitunga mathnawi nzima juu ya mieleka na wanamieleka, inayojulikana kama Gol-e Koshti, na utungo huo ukaingia katika hazina ya murshidi.

Kabla ya jengo palikuwa na adabu. Miji ya Iran, kama miji ya Waarabu na Waturuki, ilikuwa na vyama vya vijana na mafundi vilivyofungwa kwa ahadi ya futuwwa, ambayo Waajemi huiita javanmardi. Tafsiri ya neno kwa neno ni ujana wa kiume, nayo haitoshi: ndani yake mna ukarimu, mna ahadi isiyovunjwa, mna nguvu isiyotumika dhidi ya mnyonge. Mtu wa pwani angesema uungwana, na angekuwa karibu sana na shabaha.

Walezi wa adabu hiyo wana mtakatifu wao, naye alikuwa mshairi. Ni Mahmud wa Khwarazm, aliyefariki mwaka 1322, ambaye watu wa zurkhaneh humwita Puriya-ye Vali. Inasimuliwa kwamba alikuwa fundi wa manyoya ya kushonea makoti, hakushindika katika mieleka, na rubaiyati za Kiajemi zinahusishwa na jina lake. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni kile cha kushindwa kwake. Usiku wa kuamkia pambano alimsikia mwanamke mzee msikitini akimwomba Mungu mwanawe asishindwe kesho, kwani riziki ya nyumba ilitegemea ushindi ule. Mwana huyo ndiye aliyekuwa mpinzani wa Mahmud. Kesho yake, mbele ya watu, bingwa alijiachia akaangushwa chali. Ni kisa cha watu, hakina hati, lakini tangu hapo kila mwanamieleka wa Iran amepimwa kwa kuanguka kule.

Saadi naye, katika Golestan aliyoimaliza mwaka 1258, ana kisa cha mwalimu wa mieleka aliyejua mbinu 360 na kumfundisha mwanafunzi wake mpenzi 359. Mwanafunzi alipojigamba mbele ya mfalme kwamba sasa anamzidi mwalimu, wakapambanishwa, na mwalimu akamwinua juu ya kichwa na kumbwaga kwa ile moja iliyobaki. Ukivisoma visa hivi viwili pamoja, unaona mpaka wa shule hii: mkubwa huweza kuanguka kwa hiari yake, bali mdogo hana ruhusa ya kujiona amemaliza.

Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la alfajiri ya mvua. Katika zurkhaneh kila mtu ana daraja. Wapo wachanga, wapo waliokomaa, wapo wakongwe, na masharifu wa kizazi cha Mtume hutangulizwa hata kama mikono yao ni miembamba. Kila mtu ana mahali pake pa kusimama katika duara. Anayetaka kuanza kuzunguka huomba ruhusa kwa waliomzidi, nao humjibu. Anapoingia mtu mwenye hadhi, murshidi humpigia ngoma. Akiwa wa daraja la juu kabisa, humpigia ngoma pamoja na kengele, na waliomo humsalia Mtume kwa sauti moja. Si kila mtu hupigiwa kengele, na wengi hufanya mazoezi miaka mingi pasipo kuisikia ikilia kwa ajili yao. Lakini kila mtu anajua kwamba murshidi ameutazama mlango. Asiyefika ameacha pengo katika duara la pembe nane, na pengo hilo lina jina lake.

Jambo la pili ni saa. Desturi ya zamani ilikuwa ni baada ya sala ya alfajiri, na katika Ramadhani mazoezi yalihamia usiku baada ya kufuturu. Mtu hakutafuta nafasi ya mazoezi katika siku yake. Mazoezi yalikuwa yameshafungwa kwenye kamba ya sala, na sala ilikuwa na nafasi yake tangu zamani. Zaidi ya hayo palikuwa na golrizan, siku ya kumwaga maua, ambapo watu wa nyumba hiyo walikusanyika kumchangia aliyefilisika, mgonjwa, au mfungwa wa deni. Mwenye kuchanga leo alijua kwamba kesho huenda akachangiwa yeye. Ukumbi wa kulipia kwa mwezi hauna kitu cha namna hiyo cha kumrudisha mtu, ukiacha kioo.

Karne ya 19 iliipa nyumba hii fahari na ikaanza kuilegeza. Naser al-Din Shah, aliyetawala tangu 1848 hadi 1896, alipenda mieleka, na mabingwa walipambana mbele yake siku za Nowruz. Mshindi alivishwa kitambulisho cha mkononi na kupewa ulinzi wa ikulu. Baada ya mapinduzi ya katiba ya mwaka 1906 ulinzi huo ulikwisha, na zurkhaneh zikabaki kwa watu wa masoko na mitaa yao.

Wakati huo huo, huko India, ndugu wa yale marungu walikuwa wameshasafiri. Maofisa wa Kiingereza waliwaona askari na wanamieleka wa Kihindi wakiyazungusha, wakayapenda, wakayapeleka kwao. Mwaka 1834 Donald Walker aliyatia katika kitabu chake cha mazoezi ya wanaume huko London, na mwaka 1866 Sim Kehoe akatoa kitabu kizima juu yake huko New York. Marungu yalifika hata kwenye Olimpiki, mwaka 1904 na tena mwaka 1932, kisha yakatoweka katika mashindano hayo. Yalikuwa yamevuka bahari peke yake. Mwimbaji, ruhusa, duara na mlango mfupi vilibaki nyuma, na huko ugenini yakawa vipande vya mbao vya kupendeza ambavyo kizazi kimoja kilivizungusha kwa bidii na kizazi kilichofuata kikavitundika ukutani.

Iran yenyewe ilitaka kufanya hivyo hivyo kwa upande wake. Utawala wa Reza Shah uliona katika zurkhaneh mambo ya wahuni wa mitaani na ushirikina wa zamani. Mwaka 1927 mazoezi ya viungo yalifanywa kuwa ya lazima mashuleni, na yaliyofundishwa yalikuwa ya mtindo wa Uswidi: safu zilizonyooka, filimbi, na hesabu. Kisha serikali ikageuka. Mwaka 1934 iliadhimisha miaka elfu ya Ferdowsi kwa sherehe kubwa, wageni wakaja kutoka Ulaya, na ikahitajika kuwaonyesha kitu cha Kiirani halisi. Watu wa zurkhaneh wakatolewa shimoni wakaonyeshwa. Ni katika miaka hiyo ndipo yalipoenea yale maneno varzesh-e bastani, mazoezi ya kale. Jina la ukale, kwa hiyo, lina umri mdogo kuliko mengi ya marungu yenyewe.

Redio nayo ilifanya la ajabu. Redio ya Tehran ilifunguliwa mwaka 1940, na baadaye, kwa miaka mingi, sauti ya murshidi Abbas Shirkhoda ilisikika asubuhi na mapema, ngoma, kengele na beiti za Ferdowsi zikiingia majikoni na madukani. Hapakuwa na daraja redioni, wala pengo la mtu asiyefika. Lakini palikuwa na mizani, na wako waliokua watu wazima wakiijua mutaqarib kwa masikio kabla ya kujua kwamba ina jina.

Haitakuwa haki kuisifu nyumba hii na kunyamazia ilivyotumiwa. Watu waliozoea kukutana kila siku na kutii sauti moja ni mali kwa mwenye kutaka umati. Tarehe 19 Agosti 1953, serikali ya Waziri Mkuu Mohammad Mosaddeq ilipopinduliwa kwa msaada wa Marekani na Uingereza, miongoni mwa walioongoza makundi ya mitaani ya kumuunga mkono Shah alikuwamo mtu wa zurkhaneh, Shaban Jafari, aliyepewa lakabu ya Bi-Mokh, asiye na ubongo. Baadaye alipata jengo kubwa la mazoezi katikati ya Tehran, na wageni wa serikali wakawa wanapelekwa hapo kutazama. Alifariki uhamishoni, California, tarehe 19 Agosti 2006, siku ile ile ya kumbukumbu ya mapinduzi.

Mwenzake wa upande wa pili ni Gholamreza Takhti, aliyezaliwa mwaka 1930 katika mtaa wa kimaskini wa kusini mwa Tehran, na ambaye kabla ya ulingo wa kisasa alipitia shimoni. Alipata medali ya fedha Helsinki mwaka 1952, dhahabu Melbourne mwaka 1956, na fedha tena Roma mwaka 1960. Waajemi hawamkumbuki kwa dhahabu. Husimulia kwamba alipojua mpinzani wake wa Kisovieti ameumia mguu mmoja, pambano zima hakuugusa. Na tetemeko la Buyin Zahra lilipoua watu zaidi ya 12,000 mwezi wa Septemba 1962, Takhti, aliyekuwa mfuasi wa Mosaddeq, alitembea kwa miguu katika barabara kuu ya Tehran akiwaomba watu msaada, na watu wakamimina. Ilikuwa ni golrizan iliyotoka nje ya shimo ikaenea mji mzima. Alikutwa amekufa hotelini tarehe 7 Januari 1968. Serikali ilisema amejiua. Wengi walikataa kuamini.

Shimo lile lile, basi, liliwatoa wote wawili, na ubeti ule ule uliwapandisha mikono. Anayedhani kwamba shairi peke yake humtengeneza mtu na atazame hapo. Shairi linaweza kumrudisha mtu kila alfajiri. Atakachokifanya mchana kwa nguvu aliyoipata, hilo si la ngoma.

Liko na kosa jingine, la zamani zaidi. Kwa karne zote hizo mlango mfupi haukufunguliwa kwa wanawake. Nusu ya mji ilinyimwa saa, duara, na murshidi. Pwani ya Waswahili, kwa kulinganisha tu, wanawake walijipatia safu zao wenyewe katika lelemama, wakavaa sare, wakashindana kikundi kwa kikundi, na asiyetokea siku ya ngoma aliulizwa. Haikuitwa mazoezi, na pengine ndiyo maana ilidumu.

Ulinganisho huo si wa kubuni kutoka mbali. Visiwa hivi vinaijua Iran kwa njia zake. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, na wako wenyeji wanaojiita Washirazi hadi leo. Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, ambao ni Nairuzi, na wanaume wa pande mbili hupigana kwa mabua ya migomba mpaka hasira za mwaka zimalizike, huku wanawake wakiimba. Mabaharia wa zamani walihesabu siku za mwaka huo wa jua kwa miongo, kumi kumi, wakajua lini pepo zitageuka. Zurkhaneh yenyewe haikuja. Lakini mpangilio wake mtu wa visiwani hauoni mgeni: katika maulidi ya homu ya Unguja, wanaume waliopiga magoti katika safu moja huyumba na kuinama kwa pamoja kwa mwendo wa kaswida, na hakuna anayehesabu ameinama mara ngapi. Katika kirumbizi, fimbo hufuata ngoma na zumari. Na jahazi lilipovutwa pwani, wimbo ulikuwa na wa kuongoza na wa kuitikia, na kamba ilivutwa katika itikio.

Sayansi imekuja kuchungulia jambo hili kwa dirisha dogo. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford walitoa matokeo ya jaribio lao kwa wapiga makasia kumi na wawili wa chuo hicho. Waliwafanyisha kazi ile ile kwenye mashine, mara kila mtu peke yake, mara pamoja kwa pigo moja, kisha wakapima ni maumivu kiasi gani mtu aliweza kuvumilia. Baada ya kupiga pamoja walivumilia zaidi. Watu kumi na wawili ni wachache, na hakuna aliyewasomea Ferdowsi. Kwa mzee yeyote aliyewahi kuvuta jarife, hata hivyo, matokeo hayo yangekuwa kama kuletewa barua yenye habari za nyumbani kwake.

Siku hizi zurkhaneh ina shirikisho la kimataifa, lililoundwa Tehran mwaka 2004, lenye sheria za mashindano, waamuzi, na alama za kuzunguka na kurusha marungu. Wazee kadhaa wa shimoni hawaridhiki na alama hizo. Anayezunguka ili apewe alama, wanasema, humtazama mwamuzi, na anayemtazama mwamuzi hawezi kumsikiliza murshidi. Vijana nao hujibu kwamba bila ya mashindano shimo litabaki na wazee peke yao, na wote wawili huenda wana haki.

Mwezi wa Novemba 2010 kamati ya UNESCO ya turathi zisizoshikika ilikutana Nairobi, na katika kikao hicho adabu za zurkhaneh zikaingizwa katika orodha ya turathi za wanadamu. Kwa hiyo hati inayotambua nyumba ya nguvu ya Waajemi ilipitishwa katika mji ambao watu wake huzungumza Kiswahili mitaani, na yumkini hakuna hata mmoja kati ya waliopita nje ya ukumbi siku ile aliyejua kwamba ndani palikuwa pakitajwa ngoma ya udongo, kengele moja, na mtu aketiye juu ya jukwaa akiutazama mlango, aone nani hajafika.